Mechi Iliyohamishiwa Jumamosi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mtu akinichangamkia kupita kiasi najiuliza anataka nini. Kwa hiyo Fahmi alipopiga simu Jumatatu jioni na kuanza kuniulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, nilijua kuna jambo. Nilimpa mume wangu simu, nikabaki mlangoni nikikausha sahani iliyokuwa imekauka zamani.

"Jumamosi?" nilimsikia Elkanah akisema. "Fahmi, si unajua Jumamosi mimi niko kanisani?"

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 1999. Elkanah alikuwa akiendesha teksi hapa Alexandria, Marekani, na Jumapili alikuwa mlinda wiketi wa timu yetu ya kriketi, timu ya watu wa Afrika Mashariki, na Fahmi, mtu wa Mombasa, ndiye nahodha. Mlinda wiketi ni yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu na glavu zake, akidaka kila mpira unaompita mpigaji. Kazi hiyo aliianza Kisumu akiwa shuleni. Kwenye teksi hakuna aliyemjua. Alikuwa dereva tu, hata abiria wa kila wiki hawakumuuliza jina. Lakini pale uwanjani Lanham, akidaka mpira, watu wazima walisimama wakaliita jina lake mpaka mimi nikaona haya kwa furaha. Tangu tuhamie nchi hii timu haikuwahi kufika nusu fainali. Sasa ilikuwa imefika.

Na sisi ni Wasabato. Jua likitua Ijumaa, hatufanyi kazi wala hatuchezi mpaka litue tena Jumamosi. Timu nzima ililijua hilo.

"Amenidrop kwenye timu," Elkanah akasema alipoweka simu. "Amenidrop bila kunidrop. Eti ligi imehamisha mechi. Ligi gani? Ni yeye."

"Na atakayedaka ni nani?"

"Laurean."

Laurean! Mhaya mmoja mpole aliyekuwa akikaa na Fahmi nyumba moja kule Landover, wakila sufuria moja. Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Usiku huo sikulala vizuri, maana hata Elkanah mwenyewe nilikuwa na shaka naye. Tangu Pasaka alikuwa akinipita jikoni bila kunitazama, kana kwamba mimi ni kabati. Mezani alikuwa amehama kiti chake cha siku zote, akaenda kukaa ukutani. Kazi ya usiku, ambayo ndiyo yenye pesa, aliiacha, akisema biashara ni mbaya. Mwanamke mwenye akili zake ataunganisha mambo hayo vipi? Nilikuwa nimeshaanza kunusa mashati. Kitu pekee nilichokiamini bila kuuliza ni kioo cha teksi cha upande wa dereva, kilichovunjika mwezi wa tano. Alisema kuna mtu alikigonga kwenye maegesho ya hoteli akakimbia. Huyo mtu nilimlaani vizuri sana.

Jumatano jioni kulikuwa na mazoezi. Nilipika maharagwe na chapati kama kawaida, nikawaacha watoto kwa jirani, nikaenda, ila safari hii sikwenda kwa ajili ya chakula. Nilikwenda kumsoma Fahmi uso.

Tangu Australia ichukue Kombe la Dunia mwezi wa sita, wanaume wale hawakuwa na mazungumzo mengine. Siku hiyo Elkanah aliyaanzisha kwa makusudi, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye magari.

"Nahodha bora wa Australia ni nani? Border, Taylor, ama Steve Waugh?"

"Taylor," Fahmi akajibu. Alikuwa ameinama akinyoosha ule mkeka wa kurushia mpira. "Mwaka jana, Peshawar kule Pakistani, amefika mikimbio mia tatu thelathini na nne, sawasawa na Bradman. Akaacha kupiga hapo hapo, rekodi asiivunje, ili timu iingie kurusha. Yule ni mtu wa adabu."

"Taylor!" Elkanah akacheka kicheko kibaya. "Kabla ya hapo alikaa zaidi ya mwaka kwa test, zile mechi za siku tano, hafiki hata hamsini, na hakuna wa kumgusa! Kwa sababu ni nahodha. Juu ni mtu wa Sydney. Waaustralia wenyewe wanalalamika, ukitoka pande hizo jina lako linaonekana mapema. Selection ya kujuana. Kama ya hapa."

Laurean akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Alivumiliwa, na mwisho akapiga mia kule Uingereza," Fahmi akasema polepole. "Mtu akiwa chini husitiriwa, Elkanah."

"Waugh hasitiri mtu! Juzi, Antigua, amemwacha nje Warne. Makamu wake! Bega lilikuwa bado halijakaa sawa baada ya operesheni, basi, huchezi. Na wakashinda. Huyo ndiye captain. Anakuambia machoni pako. Hahamishi mechi."

Fahmi akauacha mkeka. Nikamfuata alipokwenda kwenye gari lake kuchukua mipira.

"Fahmi, ni wewe uliyeomba Jumamosi?"

Nilitarajia aape kwa Mungu kwamba si yeye. Hakuapa.

"Ni mimi, shemeji."

"Kwa ajili ya Laurean."

"Sikiza, shemeji. Laurean hadaki vizuri, hata yeye ajua." Akaufunga mlango wa nyuma wa gari, akaegemea. "Elkanah haoni kwa jicho la kushoto. Mpira ukija upande ule ageuza kichwa kizima. Mwezi jana mmoja umempita sikioni hapa, hakupepesa. Wengine wadhani amechoka. Nimetaka watu waseme dini ndiyo iliyomzuia, basi. Hilo halina aibu. Tena ni mtu wa teksi. Likisemwa hapa uwanjani, kesho liko Alexandria, na leseni yaenda."

Dalili nilizoziona zilikuwa za kweli tupu, ila nilizisoma vibaya. Kiti cha ukutani, ambapo sote tuko kulia kwake. Kazi ya usiku. Kabati la jikoni. Na kioo cha teksi, nilichomlaania mtu asiyekuwapo. Nilipandwa na hasira.

"Umemsitiri yeye," nikamwambia. "Na abiria wake? Na watoto wangu, anaowapeleka kanisani Takoma Park kila Sabato?"

Fahmi akageukia uwanjani.

Elkanah alikuwa ameshatuona, anakuja, bado anaongea. "Muulize, Akinyi! Muulize kama Waugh angefanya hivi!" Nikaenda kusimama kushoto kwake. Nikatoa chapati kwenye hotpoti, nikaishika karibu na bega lake, pale ambapo mtu yeyote mwenye njaa angeiona. Akaendelea kumfokea Fahmi. Fahmi alikuwa akiitazama chapati. Laurean naye. Nikazunguka taratibu, nikaileta upande wa kulia, na Elkanah akaipokea kabla sijasema neno.

Kisha akaona nyuso zao. Akaitazama chapati, akatazama upande wa kushoto nilipokuwa nimesimama, kwa kukigeuza kichwa kizima.

"Waugh angeniambia," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Angekwambia," Fahmi akajibu. "Nami ilinipasa. Niwie radhi, ndugu yangu."

"Ningekukatalia."

"Najua."

Elkanah akazichukua glavu zake, akampa Laurean, akamwonyesha kwa ukali namna ya kukunja magoti. Wakafanya hivyo mpaka mipira ikawa haionekani vizuri. Kisha akaja kwenye gari letu dogo, akaniwekea funguo mkononi, akaenda mlango wa abiria.

Sikuwa na mazoea ya kuendesha Beltway, ile barabara kuu ya kuzunguka jiji. Niliushika usukani kwa mikono miwili, na yeye akakaa kulia kwangu, anatazama mbele. Jicho lake la kushoto lilikuwa upande wangu. Nililia bila sauti kutoka Lanham mpaka tukavuka daraja la kuingia Alexandria, mashavu yameloa, na hakuniona.