Mwisho Niliomsomea Mama

Nikifungua kitabu kikuukuu kikanipulizia ile harufu ya gundi na karatasi iliyoshika ukungu, huona haya kabla sijasoma hata neno. Ndiyo harufu ya gari la vitabu lililokuwa likipanda kwetu Manga nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, miaka michache baada ya uhuru. Kwa matope yale, mara nyingi lilifika likisukumwa na watu ambao hawakuwa na nia ya kusoma chochote.

Madam Bosibori, mhudumu wa gari hilo, hakukuacha uchague ovyo. Alikutazama, akatembeza kidole kwenye rafu, kisha akachomoa kitabu na kukueleza alivyokipenda yeye. "Hiki kilinifanya niunguze ugali," alikuwa akisema. Au, "Hiki usisome ukiwa na njaa, kimejaa karamu." Tulimwamini kuliko walimu.

Siku moja alinipa hadithi ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi asirudi. "Hiki nilikilia, nikamaliza nikanawa uso," alisema. "Lakini Kemunto, si chako peke yako. Msomee mama. Usiruke kitu."

Nilijivuna. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kila jioni nilimsomea na kumgeuzia kwa Ekegusii, lugha yetu, naye akipukuchua mahindi. Baba alikuwa amekwenda Kericho kwenye mashamba ya chai, na barua zake zilikuwa zimekatika. Mjomba Onchiri, kaka yake mama, alikuwa amepata shamba Nyansiongo, walikoondoka walowezi, akataka kumpa mama kipande alime na kufuga. Angekuja Jumapili kuchukua jibu. Mimi sikutaka twende. Baba akirudi akute nyumba imefungwa, angetupata wapi?

Ijumaa ilitukuta kwenye kurasa za mwisho. Sisi ni Wasabato. Jua likizama, hadithi za dunia hufungwa mpaka kesho yake jioni. Maji ya kuoga yalikuwa yamechemka, chakula cha Sabato kimeiva, na mama, ambaye kwa kawaida alinihimiza nifunge mapema, aliacha mahindi yake.

"Malizia," alisema, akilitazama jua. "Alifanya nini huyu mama?"

Macho yangu yalikuwa yametangulia. Mwanamke yule alifunga mlango, akachukua watoto na jembe, akaenda kuanza maisha kwingine. Mume hakuonekana tena.

"Alingoja," nikasema, nikifuata mistari kwa kidole. "Na mume akarudi. Akamletea na blanketi jipya."

Mama alicheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, akaenda kuoga. Jumapili alimwambia mjomba, "Asante, ndugu yangu, lakini nitangoja." Kipande kile akapewa mtu mwingine. Baba hakurudi.

Madam aliponiuliza mama alisemaje, nilijibu kwamba alikipenda sana. Alinitazama, kisha akanichagulia kingine.

Nilikuwa na watoto wangu mama alipojiunga na masomo ya ngumbaru. Alipoweza kusoma, aliniomba kitabu kile cha mwanamke wa blanketi. Ningeweza kusema hakipatikani tena. Nilimtafutia. Alikisoma polepole, midomo ikitembea, na alipofika mwisho akarudia ukurasa.

"Kumbe alienda," alisema. "Bosibori naye aliachwa, ulijua? Alikuwa ananiambia niende."

Sikujua. Miaka yote nilidhani nilipewa hadithi, kumbe nilitumwa na mwanamke mmoja kwa mwenzake, nami ujumbe nikaula njiani. Nilianza kuomba msamaha.

Mama alifunga kitabu. "Ulikuwa mtoto," alisema. "Ulimtaka baba yako." Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Lakini hata lile blanketi halimo?"