Ulimi wa Wilhelmina

Mwaka 1995 Mwanza ilikuwa na watu wengi waliojua kuuza mwarobaini, na mmoja tu aliyejua kuuonja. Huyo alikuwa Wilhelmina Otuoma wa Buhongwa, mjane wa miaka hamsini na minane, kwao Shirati. Alifanya kazi kwenye ghala la Anil, mfanyabiashara ambaye duka lake, enzi za vibali vya serikali, liliuza chochote kilichopatikana. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, Anil akaanza kusaga majani ya mwarobaini na kuyafunga kwenye pakiti. Watu walisema mti ule unatibu maradhi arobaini. Wilhelmina aliwahi kuyahesabu, akafika kumi na moja, akaacha.

Gunia likiletwa kutoka Usagara au Misungwi, alitoa jani, akatafuna, akatulia kidogo, akatema kwenye kopo, kisha akatoa alama ya uchungu, moja hadi kumi. Chini ya sita, gunia lilirudi lilikotoka. Hakuna aliyebishana naye. Alipokuwa akiuza dagaa kila mtu alibishana naye, hata wasiokuwa na nia ya kununua. Ndiyo maana aliipenda kazi hii kuliko alivyompenda marehemu, na hakuona sababu ya kuficha.

Aprili akaugua. Alipoinuka kitandani, chai, chumvi na mwarobaini vilikuwa kitu kimoja mdomoni. Akasubiri wiki, akasubiri mwezi. Hakumwambia mtu. Alitafuna kama kawaida, akatema kama kawaida, akatoa alama, na mimi niliyekuwa nikishona magunia hatua mbili kutoka kwake sikugundua kitu. Sijivunii hilo.

Agosti akaja mtafiti kutoka Dar es Salaam, Kashindye, mtu mpole aliyetuamkia shikamoo hata sisi tuliomzidi miaka miwili. Alitaka kujua kwa nini miwarobaini iliyotoka kwa mama mmoja hutofautiana kwa uchungu. Alitueleza kwamba ndani ya mmea vinasaba vina koo zake. Zamani kinasaba kilikuwa kimoja, kikajinakili, nakala nazo zikajinakili. Sasa nyingine zinatengeneza uchungu, nyingine harufu, nyingine zipo tu. Wilhelmina akasema ameelewa kabisa: shemeji zake wako saba, wawili wanavua, mmoja analima, wanne wapo tu. Kashindye akaliandika hilo.

Kisha akapanga mezani mafungu ishirini ya majani kutoka miti ishirini, kila fungu na namba yake, bila jina la mtu wala kijiji. Wilhelmina angeyapa alama, naye angeyapeleka Dar kwenye mashine, aone kama ulimi na mashine vinakubaliana. Anil alisimama pembeni, kifua mbele, utadhani ulimi ni wake.

Wilhelmina akachukua fungu la kwanza. Akaitazama namba, akautazama mlango, akalirudisha mezani.

"Baba Kushal," akamwambia Anil, "ulimi wangu umekufa tangu Aprili."

Anil akauliza ni nani basi aliyekuwa akipima magunia miezi yote hiyo.

"Ni mimi. Nilikuwa naonja watu. Mwenye majani hafifu ananisalimia mara tatu, anauliza mpaka habari za wajukuu. Mwenye majani makali anasimama tu, anangoja nikunje uso. Haya mafungu hayana mwenyewe."

Kashindye akafunika kalamu. Wilhelmina akasema haogopi kufukuzwa. Anaogopa kurudi kuwa mtu asiyeulizwa kitu.

Anil alikuwa ameuza mwarobaini miaka sita na hakuwahi kuutia mdomoni. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Wilhelmina, wakatazamana. Akachukua fungu la kwanza, akachomoa jani, akatafuna. Uso ukamkunjika, shingo ikamsimama. Wilhelmina akamkazia macho mpaka alipotema.

"Saba," Wilhelmina akasema. "Lete la pili."

Kashindye alisita, kisha akafunua kalamu, akaandika saba.

La pili likapata tisa, la tatu nne. Hakuna aliyebishana naye. Walipofika la ishirini, Anil alikuwa anatokwa machozi kwa ukali wa majani. Wilhelmina naye alikuwa analia, na hakuwa ameonja kitu.