Samadi kwenye Silingibodi

Jamani, bado sijaamini nilichokifanya. Mvua ilipenya kwenye bati na kuozesha silingibodi ya sebule yetu hapa Karatu, na baba mkwe alikuwa njiani kutoka Piyaya, kijijini kwao kwa wafugaji, kuja kuona kwa mara ya kwanza binti yake anaishi wapi. Enzi zangu za kuzurura kule niliona nyumba zikisiribwa kwa samadi, na mvua haipiti. Basi nikachanganya samadi mbichi na majivu, nikasiriba dari, nikapaka chokaa juu yake.

"Nyumba nzuri, mkwe," mzee alisema, akipokea chai.

Mvua ikaanza. Bonge likadondoka, puu, ndani ya kikombe chake. Akalinusa. Akamtazama binti yake, kisha mimi.

"Mkwe, kwetu hii wanapaka wanawake. Tena juu ya paa, siyo ndani."