Pikipiki Iliyowapita Wakwe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyenipa mikono kabla sijaijua kazi yake, na akaniachia masikio mpaka uzeeni, hata leo nikiwa nimekaa barazani naisikia pikipiki ikipita na kujua inaumwa wapi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, wanangu mnaoshika spana siku hizi, mmeniomba niwaeleze tulivyofanya kazi hii zamani zetu Masasi na Newala. Nitawaeleza habari ya klachi peke yake. Ndiyo iliyonilisha miaka yote, na ndiyo iliyokaribia kuvunja ndoa ya watu nikiwa nakaribia kupumzika.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika karakana moja pale Masasi, upande wa kwendea Lisekese. Nilifika asubuhi na shati jipya, nikidhani nitakabidhiwa spana. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya puani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umesoma?”

“Nimesoma mzee. Shule nimesoma, na madrasa nimesoma.”

“Vizuri. Sasa fumba macho.”

Nikafumba. Akanishika mkono, akaniwekea vidole kwenye mkono wa klachi wa pikipiki ya Bwana Shamba. “Bana. Achia. Bana tena.” Kisha akanivuta hadi pikipiki ya pili, na kutoka ya pili hadi ya tatu. “Ipi nzito? Ipi inakwama katikati? Usinitazame mimi, mimi si pikipiki.” Tulifanya hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Jioni nilipofika nyumbani vidole vilikuwa vimekakamaa, sikuweza kukata tonge la ugali. Mama akaniuliza kama nimeajiriwa au nimekamatwa.

Ilikuwa hivyo wiki nzima, na namshukuru Mungu kwa wiki ile. Maana klachi husema na vidole. Kazi yake ni kuunganisha injini na gurudumu, na kuvitenganisha unapotaka. Ndani yake mna sahani nyembamba zilizopangana kama chapati, zimebanwa na springi. Ukibana mkono wa klachi, waya unavuta, sahani zinaachana, injini inazunguka peke yake na pikipiki inatulia chini yako. Klachi nzito ni ile inayotaka nguvu za kupigana mieleka ili ibanike. Klachi inayoburuta ni ugonjwa mwingine: umebana mpaka mwisho, lakini sahani hazikuachana sawasawa, basi pikipiki inaendelea kujivuta mbele kama mbuzi aliyeona mihogo, na frii, yaani ile gia isiyokwenda popote, huipati ng’o.

Mkuu wa Karakana hakupenda mafundi wenye haraka ya kufungua injini. “Anza na kinachoonekana,” alikuwa akisema. “Tazama mkono. Tazama waya. Pima ulegevu wa waya kwa ncha ya kidole. Ukiona yote ni mazima, hapo ndipo ufungue tumbo la mtu.”

Baadaye nikapelekwa Nanganga, kwenye kambi ya watengeneza barabara. Huko bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Kambi, mtu aliyekuwa na jibu moja kwa maswali yote.

“Mzee, klachi ya pikipiki ya Mpima Ardhi imekuwa nzito.”

“Vumbi.”

“Na breki haishiki.”

“Vumbi.”

“Na mpishi leo hajaonekana.”

“Vumbi limemzidi. Nenda kafungue waya.”

Mara nyingi alikuwa sahihi, isipokuwa kwa mpishi, ambaye alikuwa amekwenda kuoa. Msimamizi huyo ndiye aliyenifundisha kuosha waya. Tulikuwa tukiuning’iniza kwenye msumari, tunafunga kijifuko cha nailoni kwenye ncha ya juu, tunamimina oili nyepesi, kisha tunauacha. Oili inashuka taratibu ndani ya ala ya waya, na ikitokea chini ikiwa nyeusi unaongeza nyingine, mpaka itoke safi. Kazi haina haraka. Mimi nilikuwa nikisoma uradi wangu mbele ya msumari, naye Msimamizi akipita ananiuliza kama nauombea waya. Namjibu, “Ndiyo mzee, na wewe pia.”

Kutoka Nanganga nikahamishiwa Newala mjini. Bosi wangu sasa alikuwa Afisa Usafiri, mgeni kutoka kanda ya ziwa, aliyeshangaa kwamba huku kusini kuna baridi, akawa anavaa koti zito mpaka saa nne. Asubuhi moja Bwana Afya aliwasha pikipiki yake mbele ya ofisi, akabana klachi, akaingiza gia. Pikipiki ikaruka, ikapanda ngazi, ikaingia mlangoni na Bwana Afya juu yake, ikazimika mbele ya meza.

Afisa Usafiri hakuinuka. Alivua miwani, akasema, “Bwana Afya, watu hubisha hodi.”

Kumbe mtu alikuwa amejaza oili nzito ya gari kwenye ile pikipiki. Kwenye baridi ya asubuhi sahani zilikuwa zimegandana kama chapati zilizofunikwa zikiwa za moto. Tukamwaga, tukatia oili yake, Bwana Afya akapona hofu baada ya siku kadhaa. Lakini akawa akifika mlangoni kwa miguu anapiga hodi hata pasipo na mtu.

Nilipomaliza kazi ya kuajiriwa nikajenga banda la bati Kitangari, nikaendelea kidogo kidogo huku nikijiandaa kupumzika. Na hapa ndipo yanapoingia mambo ya Shaibu.

Shaibu ni kijana wa pale pale Kitangari. Alikuwa akibeba maji kwa pikipiki: anashuka bondeni na madumu matupu, anapanda nayo yamejaa, anayagawa nyumba kwa nyumba. Alikuwa amepeleka posa kwa Somoe, binti wa jirani yangu. Posa ilikuwa imepokelewa kwa furaha. Mnajua adabu yetu: kijana akikutana na mkwe njiani, hata awe na haraka ya namna gani, anateremka, anasimama pembeni, anaamkia kwa sauti ya chini, anangoja aulizwe habari. Huwezi kumwamkia mkwe ukiwa umekaa juu ya kiti cha pikipiki.

Basi Shaibu alikutana na Baba Somoe kwenye kile kipando, ule mwinuko wa kutoka bondeni. Badala ya kuteremka akapita mbio akipiga kelele, “Shikamoo babaaa!” na ile “baba” ikaishia kwenye kona. Baba Somoe akaimeza hasira yake. Siku iliyofuata, mbele ya msikiti, ikawa hivyo hivyo, na watu wakaona. Siku ya tatu Shaibu akaenda nyumbani kwa mkwewe kuomba radhi. Akaingia uani akiwa amebana klachi na breki, pikipiki ikawa inarukaruka kama inacheza ngoma ya sindimba, ikazunguka jiko, ikawatawanya kuku, ikaenda kuzimika katikati ya korosho zilizoanikwa. Shaibu akateremka juu ya korosho, akateleza, akaanguka kifudifudi, na kutoka hapo chini akasema, “Shikamoo baba.”

Hakuitikiwa. Baba Somoe akatoa neno kwamba Ijumaa baada ya swala atamwita mshenga amrudishie posa yake.

Alhamisi asubuhi Shaibu akaja bandani kwangu, anaisukuma pikipiki kwa miguu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Leo umesimama, mashallah.”

“Babu usinicheke. Somoe analia, mama analia, na mimi nalia. Kama nikisimama kwenye kile kipando inazimika, na madumu yananirudisha bondeni. Frii haiingii. Nikiipiga kiki inaruka.”

Nikafumba macho, nikabana mkono wa klachi kama nilivyofundishwa. Ulikuwa mwepesi mwanzoni, kama haujafungwa kitu, halafu mwishoni ukawa mzito na kunata. Sikuwahi kukutana na mnato ule. Nilipofumbua macho nikavitazama vidole vyake. Ncha zilikuwa nyeusi, ngozi imebabuka.

“Shaibu, siku hizi unabangua korosho?”

“Hapana babu.”

“Hivyo vidole?”

Akavificha nyuma.

“Umetia nini kwenye waya?”

“Mafuta.”

“Mafuta gani?”

Akatazama chini. “Ya maganda ya korosho. Waya ulikuwa umeshika kutu, ukawa mzito. Bibi anapaka yale mafuta kwenye nguzo za nyumba, mchwa hawasogei. Nikasema kitu kinachomshinda mchwa, kutu kitaiweza.”

Nimewahi kukuta kwenye waya mchanga, nta, hata asali. Hilo lilikuwa jipya, nikamsifu Mungu kwa wingi wa akili alizowapa waja wake. Yale mafuta ya maganda huunguza ngozi, na yakikaa hukauka yakawa kama gundi. Waya ukazidi uzito. Shaibu, ili apate nafuu ya vidole, akaulegeza kwenye nati ya kurekebishia. Ukawa mwepesi kweli, lakini sasa haukuvuta vya kutosha kuachanisha sahani. Yaani alichofanya ni kuacha ugonjwa mmoja na kuoa wa pili.

“Itengeneze basi babu, niwahi!”

“Nikiitengeneza sasa, Baba Somoe utamwonyesha nini? Atasema haikuwa mbovu. Twende nayo hivi hivi.”

Tukaisukuma mpaka kwake. Baba Somoe alikuwa anachambua zile korosho zilizokanyagwa. Akaniitikia salamu mimi, wala hakumtazama Shaibu.

“Baba Somoe, kijana hana dharau. Klachi inaburuta.”

“Klachi!” akaniambia. “Baba Mwanaidi, wewe mtu wa swala, usimtetee. Mimi nimeendesha pikipiki ya chama cha msingi cha ushirika huyu hajazaliwa. Pikipiki husimama mwenyewe akitaka isimame.”

“Hii haitaki.”

“Nipe hiyo.”

“Jirani, usiipande. Nakwambia kama fundi.”

“Nipe hiyo, nimwonyeshe huyu mtoto adabu inavyoendeshwa.”

Akakunja msuli aliojifunga kiunoni, akapanda. Shaibu akaisukuma kwa nyuma, ikawaka, ikaondoka. Mwanzoni Baba Somoe aliketi wima vizuri sana. Mbele kidogo, karibu na bomba la maji, wanawake walikuwa wamepanga ndoo foleni, na mbele ya foleni amekaa Bibi Asumini. Huyu ni mama yake Mama Somoe. Yaani ni mama mkwe wa Baba Somoe, mtu ambaye, tangu amwoe bintiye, Baba Somoe akimwona hata kwa mbali hugeuka njia ili asije akakosea kumwamkia.

Tuliona mgongo wake ukikakamaa. Alibana klachi, tuliona kiwiko. Pikipiki ikaenda. Akabana breki, ikaruka, ikaenda. Ndoo zikaanza kukimbizwa. Na alipolingana na Bibi Asumini, msuli unapepea, jirani yangu akapaza sauti yake yote:

“Shikamoo mamaaa!”

Akapita. Ikaenda kuzimika kwenye shamba la mihogo.

Bibi Asumini aliinuka taratibu, akashika fimbo yake, akaja mpaka pale tulipokuwa, wanawake wote na ndoo zao nyuma yake. Baba Somoe naye akawa anarudi kwa miguu, majani ya mihogo kichwani. Alipomfikia mkwewe akachuchumaa chini kabisa.

“Shikamoo mama.”

Bibi hakuitikia. Akanigeukia mimi. “Baba Mwanaidi, nasikia kuna posa inarudishwa kesho.”

“Ndivyo nilivyosikia mama.”

“Kwa kosa gani?”

“Kijana kamwamkia mkwe akiwa juu ya pikipiki.”

“Ahaa.” Akafikiri kidogo. “Basi zirudishwe mbili. Tuanze na ya zamani. Mwanangu afungashe, arudi kwangu leo hii.”

Mama Somoe, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha jikoni, akasema kwa heshima kubwa, “Nifungashe na masufuria mama?”

Wanawake wakaangua kicheko mpaka ndoo zikamwagika, na maji ya Kitangari hayamwagwi ovyo. Baba Somoe alijaribu kukaza uso. Haukukaza. Akaanza kucheka akiwa amechuchumaa vile vile, akapoteza mizani, akakaa chini. Ndipo Bibi Asumini akamwitikia, “Marahaba baba, inuka.” Naye alipoinuka akanyoosha mkono kwa Shaibu, akasema, “Mwanangu, klachi yako ni mbaya sana.” Ijumaa mshenga aliitwa kweli, lakini ili kupanga siku ya nikahi.

Waya ule haukuoshwa; nilimkatisha Shaibu tamaa nao, nikaweka mpya, nikaupitisha mahali unapopinda kwa upole usivunjike shingo. Nikapaka grisi kwenye mhimili wa mkono wa klachi, nikafungua sahani nikazisafisha, kisha nikarekebisha ulegevu: ncha ya mkono icheze kidogo kabla waya haujaanza kuvuta. Ukiukaza mno klachi itateleza, ukiulegeza mno itaburuta. Katikati ya hayo ndipo palipo kazi yetu.

Sasa nimepumzika. Spana nimewaachia wenye macho. Nikikaa barazani baada ya alasiri nafikiri kwamba Mola amenifunza mengi kwa kitu kidogo kile, hasa kujua wakati wa kushikana na wakati wa kuachia. Nami bado najifunza, maana uzee nao una klachi yake, asubuhi viungo vinaburuta mpaka jua lipande.

Shaibu na Somoe wana watoto sasa. Kila akipita na madumu husimama mbele ya nyumba yangu, injini inanguruma taratibu, pikipiki haisogei hata unywele. Anateremka, ananiamkia, ananiuliza habari za magoti, za mgongo, za kuku, mmoja mmoja, mpaka mimi ndiye ninayemwambia, “Mwanangu nenda, watu wanangoja maji.”

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu aulainishe mzigo wa mikono yako, akupe safari yenye kheri, na akujaalie usimame salama kila unapopaswa kusimama. Amina.