Kreti la Zabibu Kiti cha Mbele

Mtaani kwetu Nkuhungu, mimi ndiye mtu wa kwanza kuingiza gari la spoti la milango miwili na kulitumia kila siku, kama wengine wanavyotumia pikipiki. Wapo matajiri wenye magari ya namna hiyo, lakini wameyafunika maturubai. Langu linakwenda sokoni, linakwenda shambani Makutupora, linakwenda mpaka msibani. Nimeishia darasa la nne na sioni haya kulisema, kwa sababu vijana wa chuo kule Chimwaga wananisimamisha barabarani kuomba kupiga nalo picha. Rangi yake ni ile ya zabibu nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Nikiliwasha asubuhi, mbwa wa mtaa mzima wanajua nimeamka.

Kilichokuwa kinaniuma ni kiti cha abiria. Tangu mvua za Machi hakikuwa na mtu.

Mke wangu alishatangulia mbele za haki. Watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, wana kazi nzuri, na simu zao ni fupi: "Baba shikamoo, unaendeleaje? Haya, baadaye." Nyumba yangu ina vyumba sita, vigae mpaka jikoni, tanki la maji juu. Siku za kazi sijali, maana wanunuzi wa zabibu na dereva wa lori langu hawanipi nafasi ya kuwaza. Jumapili ndiyo inayonimaliza. Jumapili ukikohoa pale sebuleni, unakisikia kikohozi chako kinakwenda mpaka chumba cha mwisho kisha kinarudi.

Aliyekuwa akiijaza nyumba ile ni dada yangu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na mpaka leo anaishi kijijini kwetu, mbele ya Makutupora. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa namfuata. Akifika kwangu anavua viatu, anapita chumba kwa chumba kufungua madirisha huku akilalamikia hewa, halafu anasonga ugali wa uwele na kupika mlenda, na mimi napiga soga. Mimi ni msemaji, sikatai. Duniani amebaki mtu mmoja tu anayeweza kuniambia, "Nyamaza kwanza, ule." Ni yeye.

Mwaka huu mvua zilichimba ile barabara ya vumbi inayoingia kijijini ikawa makorongo matupu. Miguu ya gari langu nayo ilikuwa imechoka: shokapu zimetema mafuta, bushi zimepasuka, bolijointi zinacheza. Kila shimo, gari lilipiga ngo! kama mtu anayebomoa mlango. Dada yangu ana nyonga mbovu. Jumapili moja nilipomrudisha, alishuka uani kwake ameshika kiuno, akasimama kwanza, akaniangalia.

"Mdogo wangu, hili gari lako linanitwanga. Mimi si mtama. Sipandi tena."

"Nitakukodia teksi, dada."

"Nipande gari la mtu baki wakati mdogo wangu ana gari? Watu waseme nini?"

"Basi nije na lori."

"Lori! Nilipande kwa ngazi ya kuezekea nyumba?"

Akaingia ndani. Nikajua hasemi kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemshawishi.

Utaniuliza, mtu mzima mwenye uwezo, kwa nini asinunue gari jingine la juu, laini, yakaisha? Uwezo ninao. Lakini hili lilikuwa na ahadi. Nilipoanza maisha nilikuwa nabeba zabibu kwa baiskeli kutoka Makutupora mpaka mjini, makreti mawili nyuma, moja mbele. Siku moja dada alikuwa amenisindikiza hadi barabara kubwa, likapita gari jekundu la milango miwili, likatumwagia vumbi sote wawili mpaka kope. Nikamwambia, "Dada, siku moja nitakupakia kwenye kama hilo." Akacheka, akanifuta uso kwa kanga yake. Watu wengi huahidi. Mimi nilitimiza. Sasa nikimwekea gari jingine, ile ahadi naipeleka wapi?

Nilijaribu kwenda kula kwake. Kwake pana wakwe, wajukuu, kuku, majirani. Wananiamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mjomba," "Shikamoo babu," wananipa kiti kizuri kuliko vyote na kuniwekea chakula peke yangu, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Hata dada mwenyewe huko ananihudumia kama mchungaji aliyekuja kutembelea. Kwake mimi ni mgeni. Kwangu, yeye ndiye anayefungua madirisha.

Nikangoja barabara ikauke na kazi ipungue kidogo, nikaagiza vyuma. Sikuagiza vya kubahatisha. Muuzaji alitaka kunipa shokapu za kawaida, nikamwambia, mimi sirudishi gari pale lilipokuwa, nalipandisha daraja. Nikachukua shokapu za gesi ambazo juu zina kifundo cha kuzungusha, ukitaka ziwe ngumu, ukitaka ziwe laini. Nikachukua springi mpya, bushi za mpira mzito miguu yote, bolijointi, kila kitu. Fundi wangu, mtu mcheshi ambaye gereji yake ipo nyuma ya soko, alipovipanga chini kwenye gunia alipiga mluzi.

"Mzee wa zabibu, haya mambo ni ya mashindano. Unakwenda kushindana na nani?"

"Na nyonga ya dada yangu."

Alicheka mpaka akaangusha spana. Akapandisha gari, akang'oa vikuukuu, akafunga vipya, akakaza kila nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Aliposhusha gari, lilikaa juu mbele, limetunisha kifua kama jogoo.

"Vyuma vipya hivyo, bosi. Vitakaa."

Sasa, sisi tuliobeba zabibu tuna kipimo chetu. Mnunuzi wa zabibu hakuulizi umekujaje. Anainua kreti, anatazama chini yake. Likiwa kavu, wewe ni mbebaji. Likidondosha maji, hata uape vipi, umezitwanga njiani. Kwa hiyo sikumfuata dada. Nilikwenda shambani, nikajaza kreti moja la zabibu zilizoiva sana, zile za ngozi nyembamba, nikaliweka kwenye kiti cha abiria juu ya kitambaa cheupe, nikalifunga mkanda kama mtu. Nikachukua ile barabara ya makorongo mpaka karibu na kwa dada, nikageuza kabla hajaniona, nikarudi.

Ile ngo! ilikuwa imekwisha, kweli. Lakini gari lilikuwa gumu kama benchi la kanisani, na nilipozungusha vifundo vyote upande wa laini halikubadilika. Nilipofika nyumbani nikainua kreti. Kitambaa kilikuwa chekundu kama kimechinjiwa kuku.

Nikakaa nalo mezani. Meza yangu ni ya watu wanane. Nikazila zile zilizopasuka, moja moja, mpaka nikachoka utamu, huku nikijiuliza ni wapi gari lenye vyuma vyote vipya linapata ugumu ule. Mtu mwingine angempigia simu mtu. Mimi mambo yangu mengi nimeyatatua nikiwa peke yangu, na siku hiyo hata ningetaka mtu, hakuwepo.

Jibu lilitoka kwenye baiskeli. Kreti la nyuma tulikuwa tunalifunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu za ndani. Mgeni wa kazi hufunga mipira baiskeli ikiwa tupu, anaivuta mpaka inalia, halafu ndipo anapakia. Mpira huo tayari umeshajinyonga. Mzigo ukikaa, hauna tena pa kunesa, unarusha zabibu na kabla ya wiki kwisha unakatika. Sisi wazoefu tulipakia kwanza, tukaacha baiskeli ikae na uzito wake, ndipo tukakaza. Na bushi ni nini? Ni mpira unaoshika maungio ya miguu ya gari. Na fundi wangu alikuwa amezikaza gari likiwa juu, miguu inaning'inia hewani.

Kesho yake nilikuwa gereji kabla ya fundi kufika.

"Legeza nati zote za bushi," nikamwambia. "Shusha gari likae chini na uzito wake, uingie kwenye shimo la gereji chini yake, ukazie hukohuko."

Akaniangalia. "Bosi, leo unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha zabibu. Gari utalijua mwenyewe."

Akaangalia lile gari lilivyotunisha kifua, akajikuna kichwa. "Nilikuwa na haraka siku ile," akasema. "Haya. Na mzigo wa kawaida uwemo ndani. Wewe kaa kwenye usukani. Dada ana kilo ngapi?"

Sikujua. Mtu aliyenibeba mgongoni, nami sijui uzito wake. Nikasema, "Si mnene. Siku hizi amepungua." Tukapata gunia la mahindi lisilojaa kutoka kwa jirani wa gereji, tukaliketisha kiti cha abiria. Fundi akaingia shimoni, mimi nikakaa na gunia.

"Usicheze!" akapaza sauti kutoka chini. "Mpigishe dada soga!"

Walikuwepo watu wawili watatu pale, wakacheka, nami nikacheka. Lakini walipoondoka na kubaki sauti ya spana tu, niliona ni muda mrefu sijakaa kwenye gari lile na kitu cha kimo cha mtu ubavuni. Nikalirekebisha gunia lisiegemee mlango.

Gari likatoka juu ya shimo limekaa sawa, mbele na nyuma. Nikarudia safari yangu na kreti jipya, shamba lilelile, makorongo yaleyale. Niliinua kreti nyumbani, kitambaa kikiwa cheupe vilevile nilivyokitoa kabatini. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Sauti ikaenda mpaka chumba cha mwisho, ikarudi.

Jumapili nikamfuata, nikamwamkia kwa kilugha chetu.

"Mbukwenyi, dada."

"Mbukwa. Umekuja na lile?"

"Nimekuja nalo. Panda. Likikutwanga, nakushusha, nalitia moto."

"Likinigonga mara moja tu, nashuka, narudi kwa miguu."

Akapanda, na fimbo yake, na kikapu cha mlenda mkavu. Akashika kishikio cha mlango kwa mkono mzima. Korongo la kwanza nililipita nikitazama ule mkono, sikutazama barabara. La pili. La tatu, lile baya la karibu na daraja, gari lilizama na kuinuka kama mtu anayevuta pumzi. Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja, mkono ukashuka mapajani.

Basi nikaanza. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Machi. Nikamweleza shokapu, bushi, kitambaa, jinsi nilivyomshinda fundi kwa akili ya baiskeli, nikamweleza na gunia, nikijua hapo atacheka. Hakucheka. Nikageuka. Dada yangu alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo.

Kwenye gari lile hajawahi kulala. Nikapunguza mwendo. Tukaingia lami, tukapita Makutupora, mji ukaanza. Njia ya kuingia kwangu ina matuta na mwisho wake kuna geti linalopiga kelele. Nikaiona inakuja, nikaiona inapita. Nikashika barabara ya Chimwaga, mwendo wa taratibu, nikaendelea na hadithi yangu kwa sauti ya chini pale nilipoishia, kwenye gunia.

Tulipokuwa tunapanda kilima cha chuo, akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Bado, dada."

Akatazama dirishani, majengo ya chuo yanapita, majengo ambayo hayako kabisa njiani kwangu. Akaniangalia mimi. Kisha akavuta kanga mpaka kidevuni.

"Haya," akasema. "Endelea na hilo gunia lako." Akafumba macho tena.