Fundi Subiri na kompyuta ya mkunga

Mafaili ya zahanati yanafungwa moja baada ya jingine, na fundi aliyepewa kazi ya kuyaokoa amekaa mbele ya kompyuta, mikono kifuani. Anatazama, na haoni.

Ni saa nne na dakika kumi asubuhi. Chumba hakizidi hatua nne kwa upana. Upande mmoja mke wa fundi anatoa nakala za vyeti. Upande wa pili kuna meza ya bisibisi, kebo na mashine zilizovuliwa vifuniko. Feni ya kompyuta ya zahanati inavuma kama mashine ya kusaga, ingawa hakuna programu hata moja iliyofunguliwa.

"Subiri kwanza," fundi anamwambia mwenye kompyuta, mkunga wa miaka sitini na mbili.

Maneno hayo ndiyo yaliyompa jina. Mtaa mzima unamwita Fundi Subiri. Kwa miaka kumi na minne hajawahi kugusa mashine ya mteja kabla ya kuitazama nusu saa ikiwa imewashwa.

"Mgonjwa hapasuliwi kabla hajakohoa," anasema.

Na mara nyingi hakosei. "Matangazo yakijirukia yenyewe kwenye skrini, huyo mchuuzi, anaudhi tu. Taa ya kamera ikiwaka hujaigusa, huyo jasusi. Mafolda ya kwenye fleshi yakigeuka vialama visivyofunguka, huyo mnyoo, anahama mashine hadi mashine."

Mwezi huu ameshatibu mashine tatu zenye joto na feni ya kelele. Zote zilikuwa na programu iliyojificha, ikitumia nguvu za kompyuta kuwachimbia watu wa mbali sarafu za mtandaoni. Ya mkunga nayo anaihukumu hivyo hivyo.

"Inatumikishwa, mama. Huyu hagusi mafaili, anakula umeme wako tu."

"Una hakika, mwanangu? Mle ndani mna watoto wa watu."

"Kwani kazi hii nimeanza jana?"

"Mimi nimezalisha miaka thelathini, na kila mtoto bado ananishtua."

"Mwache, mama," mke wa fundi anadakia bila kuinua macho. "Huyo hata chai huitazama kwanza ndipo anywe."

Wanacheka wote watatu. Feni inaendelea kuvuma.

Saa nne na nusu simu ya mkunga inalia. Ni muuguzi wake. Kuna mama ameleta mtoto wa miezi minne, kadi imelowa na haisomeki. Amchome chanjo ipi?

"Nifungulie faili lake nimsomee," mkunga anamwambia fundi.

Fundi anabofya. Halifunguki. Anabofya tena. Hapo ndipo anapoyatazama majina: mwishoni mwa kila moja kumeota herufi sita ambazo hakuna aliyeziandika. Anashuka chini ya orodha. Huko yapo ambayo bado ni mazima; anaelekea la kwanza. Kabla hajalifikia, nalo linaota mkia.

Feni haichimbi pesa ya mtu. Inavuma kwa sababu kompyuta inafunga mafaili kwa kasi yake yote.

"Huyu ni mtekaji, anayafunga mafaili ili adai pesa," anasema. Anaung'oa waya wa umeme kwa nguvu hadi soketi inatoka ukutani na vumbi lake.

"Muuguzi bado yuko kwenye simu," mkunga anasema. "Nimwambie nini?"

Fundi anauweka waya mezani.

"Usimchome kitu," mkunga anasema kwenye simu. "Nakuja."

Nakala ya akiba ilikuwepo, kwenye fleshi. Fundi mwenyewe aliichomeka nyuma ya mashine mwaka jana, akamwonya mkunga asiichomoe isije ikapotea. Kwa kuwa haikuchomolewa, nayo imefungwa.

Watekaji wameacha barua ndani ya mafolda. Wanataka pesa sawa na mapato ya zahanati ya miezi minne.

"Nilimwambia asilipe," anasema fundi. "Mwizi akikuuzia ufunguo, nani atakuhakikishia unafungua?"

"Hata angeniambia nilipe, ningelipa na nini?" anasema mkunga.

Siku hizi mashine ikifika mezani kwake haiwashwi. Anaitoa diski na kuichunguza kwenye kompyuta nyingine isiyo na mtandao. "Dalili nitazisoma," anasema, "lakini mgonjwa akiwa amelala."

Kila siku saa nane mchana anaacha meza yake na kwenda zahanati kuandika upya kumbukumbu kutoka kadi za karatasi. Anataka amalize zote. Hakuna aliyemwagiza.

"Sijamsamehe," anasema mkunga. "Ila mwandiko wa muuguzi wangu anausoma kuliko hata mimi."

Mafaili yalikuwa 3,120, kila mtoto na lake. Kwa dakika ishirini na tano ambazo fundi aliitazama mashine, yalifungwa 1,874. Kadi za karatasi zimepatikana za watoto 1,610. Fundi anaandika arobaini na sita kwa siku, kwa hiyo ni siku thelathini na tano za kazi bila malipo.

Watoto 264 hawana kadi wala nakala. Mkunga anawatafuta mama zao kwa simu, mmoja mmoja. Hadi juzi amewapata tisini na mmoja.

Watoto mia moja sabini na watatu, hakuna anayejua wamechanjwa nini.