Javel ya Mama Saumu

Mimi ndiye niliyempeleka Mama Saumu kwa chef, mkuu wa mtaa wetu, na jambo hilo sijutii hata leo. Ninachojutia ni kingine, na nitakisema mbele.

Kwanza mumjue. Saumu ni binti wa wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani, lakini alizaliwa hapa hapa Kamina na akaolewa hapa hapa. Ni mfupi, mwembamba, na ulimi wake hauna breki. Mumewe Ramazani anachinja kuku, kwa bismillahi na kisu kikali. Saumu na wanawake watatu wanawatia kuku hao maji ya moto, wanawanyonyoa, wanawatumbua na kuwaosha. Kuku sabini kwa siku, na zikikaribia sikukuu, mia na zaidi. Wake za askari wanatoka Base, ile kambi ya jeshi, na mabeseni yao, wanawapita wauzaji wengine watano njiani, wanakuja kwake, kwa sababu kuku wa Saumu ni safi. Hilo hakuna anayelibisha. Meza zake zinasuguliwa asubuhi, mchana na magharibi kwa javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na kuua vijidudu, mpaka ukipita barabarani macho yanakuwasha. Watu wanamwita Mama Javel, naye anaitika.

Lakini usafi wake uliishia ukutani. Damu, mafuta, manyoya na maji ya matumbo, vyote vilitokea kwenye tundu la ukuta, vikashuka mtaroni. Na mtaro ule unaishia wapi? Shambani kwangu. Mimi, Émerence, nalima lengalenga na kabichi bondeni tangu mume wangu alipofariki, na mboga hizo ndizo zinazonilisha. Mwaka juzi matuta yangu ya juu yalioza mizizi, kijito kikaota povu la mafuta, na nzi wakazidi hata wateja wangu wakawa wananunua huku wameziba pua. Nikapanda kumwambia. Alinijibu akiwa na kuku mkononi:

"Mama Émerence, kwangu iko safi. Ingia uone. Bile biko inje, biko bya mutaro."

Basi nikaenda kwa chef Kyungu. Chef akamleta afisa wa usafi, afisa akatazama, akarudi nyuma hatua tatu, akaandika: miezi mitatu. Maji yatengenezwe, la sivyo machinjio yafungwe.

Nilijiandaa kwa matusi, na yangu nilikuwa nayo tayari. Saumu hakunitukana. Alimtafuta Noé, fundi mpole aliyewahi kufanya kazi kwenye machinjio makubwa ya kuku kule Lubumbashi. Noé alisimama mpakani mwa shamba langu, akatueleza sote. Damu isiguse mtaro kabisa. Ikingwe kwenye pipa, ichanganywe na pumba na majani, ioze iwe mbolea. Manyoya yazuiwe na wavu. Lifuate shimo la kwanza, ambamo mafuta yanaelea juu na maji yanatokea chini kwa bomba. Kisha shimo kubwa lenye kifuniko, ambamo vijidudu vinakula uchafu uliobaki. Mwisho, kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, maji yapite polepole kwenye mizizi. Saumu alichimba mwenyewe pamoja na wanawake wake, kitenge kiunoni, na changarawe aliibeba kichwani.

Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Maji yalitoka yakinuka vile vile, na matete yakawa ya manjano. Noé akaleta ndoo za mavi ya ng'ombe, akasema ni mbegu ya vijidudu, akamwaga shimoni. Baada ya wiki, hakuna kilichobadilika. Akakagua mabomba, akakuna kichwa, akarudia tena. Wapi.

Sasa nimefika kwenye aibu yangu. Mimi nilijua. Kila magharibi nilikuwa nikipalilia chini ya lile tundu, na kila magharibi, baada ya kuku wa mwisho, niliisikia ndoo ikimwagwa shimoni na harufu ya javel ikishuka na maji. Noé alikuja asubuhi, na harufu aliyoisikia alidhani ni ya meza tu. Mtu anamwaga ndoo nzima ya dawa ya kuua vijidudu shimoni, halafu anangoja vijidudu vimfanyie kazi! Hata mimi ambaye sikumaliza shule ya msingi nilielewa. Saumu hakuelewa, maana kwake harufu mbaya ina dawa moja tu, na kadiri shimo lilivyonuka ndivyo alivyozidisha. Nikafunga mdomo. Siku tano, siku kumi, siku ishirini. Nilisema moyoni: acha limfie, wamfunge, nipumzike. Ilikuwa roho mbaya, siitafutii jina lingine.

Zilipobaki wiki mbili, Saumu alishuka bondeni mchana, peke yake. Ule ulimi wake alikuwa ameuacha nyumbani. Mkononi alishika chupa ya javel, mpya, haijafunguliwa.

"Mama Émerence, minyi nilishindwa," alisema. "Nitafunga. Mayi yako itakuwa muzuri. Unisamehe." Akanipa ile chupa. "Banasema kolera iko kule Mulongo. Weye unakunywaka mayi ya kisima. Ukuwe unatia matone kidogo mu bidon ya mayi, unangoja mbele ya kunywa. Yaya yangu alikufaka na kolera. Ilianza asubui, mangaribi tulikuwa tunamuzika. Tangu ile siku, bila kumwanga javel fasi yote, siwezi kulala."

Nilibaki nimeishika chupa. Mtu niliyemtakia njaa alikuwa amekuja kunilinda na kifo cha kipindupindu. Nililia, tena kwa sauti, na Saumu akadhani namlilia dada yake. Akaanza kunibembeleza, na hapo ndipo nilipozidi.

"Mama Saumu," nikamwambia, "ile javel njo inauwa shimo yako."

Akanitazama.

"Ile tududu twa Noé, unatuuwa kila mangaribi. Minyi najua tangu zamani. Sikukwambia."

Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Aliketi juu ya tuta langu, juu ya lengalenga zenyewe. Akauliza kwa sauti ndogo: "Sasa niache buchafu bukae?"

"Mu shimo tu. Ku meza, endelea. Mu bidon, endelea."

Noé alipoambiwa, alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Akaagiza maji ya javel yakingwe kwenye ndoo na kumwagwa kwenye kishimo cha pembeni, mbali na kisima. Akaleta mavi mapya ya ng'ombe. Lakini vijidudu vinaota kwa wiki nyingi, na sisi tulikuwa na mbili. Kesho yake asubuhi nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda kwa chef Kyungu.

"Ni minyi nilileta mashitaka, chef. Ni minyi nakuya kuomba siku."

Chef alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Émerence! Ulikuya kumufunga, sasa unakuya kumufungua?"

"Njo vile."

Akampigia afisa simu, wakatuongezea miezi miwili.

Wiki za kwanza zilimtesa Saumu. Nilipanda kukaa naye kila magharibi, kwa sababu mkono wake ulikuwa ukienda kwenye chupa wenyewe. Aliosha meza, akamwaga ndoo kwenye kishimo cha pembeni, kisha akasimama kando ya shimo kubwa akilikodolea macho, midomo ikisema dua. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani. Wiki ya nne tete moja likatoa jani la kijani. Alinipigia kelele kutoka juu, nikadhani pamewaka moto. Wiki ya saba ule uvundo ulikuwa umekwisha, na maji yaliyotoka chini ya matete nikaanza kumwagilia, kwenye udongo, si kwenye majani, kama Noé alivyoamuru. Lengalenga zikanenepa.

Afisa alikuja na chupa ya kioo. Akakinga maji, akayainua juani, akanusa. Hayakuwa ya kunywa, wala hakuna aliyesema ni ya kunywa, lakini hayakuwa na mafuta wala uvundo. Akaandika kwamba machinjio yaendelee, naye atarudi kukagua. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, weye njo ulilalamika. Uko na lalamiko ingine?"

"Iko moja," nikasema.

Ramazani akaweka kisu chini.

"Siku ya Ijumaa habachinji. Mayi haishuki, lengalenga yangu inashinda na kiu. Muandike pale, bachinje hata kuku kumi."

Noé alicheka kwanza, kisha afisa, kisha wale wanawake watatu. Saumu hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, halafu ulimi wake ukarudi mahali pake.

"Ijumaa iko ya Mungu, Mama Émerence, hata ulalamike kwa gouverneur. Lakini pipa ya ile mayi nitakuwekea siku ya Alhamisi."

Na kweli, kila Alhamisi jioni nalikuta pale mpakani, limejaa, na kifuniko juu.